Shimo Ambalo Sikulichimba

Wamaza, Jumanne, Oktoba. Mvua ya usiku imekatika, lakini mawingu bado yamekalia milima. Hakuna upepo. Siupendi utulivu huu.

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Kwa kawaida huiweka shajara kwenye blogu nikirudi Kasongo, baada ya kuisoma tena na kuondoa upuuzi. Leo naiweka hivi hivi.

Kwa asiyenijua: niko mwaka wa mwisho wa utafiti chuoni, katika sayansi ya uchunguzi wa jinai. Nachunguza jinsi mzoga unavyooza katika udongo wetu mwekundu wakati wa mvua, ili siku moja anayefukua maiti huku Maniema aweze kusema mtu huyu alikufa lini. Vitabu vinatumia nguruwe. Hapa majirani wengi ni Waislamu, basi nikazika mbuzi. Mbuzi watano, katika shamba nililopewa na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye kapita, mkuu wa kijiji.

Wamama wa mtoni hunitania. "Mama Mbuzi! Wagonjwa wako wameamkaje?" Nami hujibu, "Wamelala vizuri, wanawasalimia."

Leo waliniita, nikapita moja kwa moja.

Nilikuwa nimetoka shambani. Nilikwenda kutazama mitego ya nzi, nikakuta, juu kabisa ya shamba, tuta la sita.

Matuta yangu ni mafupi, yanafuata mteremko, kila moja na kijiti chake. Hili ni refu, jembamba, limekatiza mteremko. Majani yamekatwa mahali pengine na kutandazwa juu yake. Udongo umepasuka kidogo, na nzi wa kijani wanaingia na kutoka.

Sikufukua. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutofukua peke yako, maana utaharibu ushahidi. Nakiri kwamba woga wangu ulilishukuru sana katazo hilo. Nilipiga picha, nikapima, nikaondoka kwa nyayo zangu zile zile.

Njiani ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilipoanza kazi niliomba watu wakusanyike, nikawaeleza: harufu itakuja, msishangae; msikaribie, wala msiache mbwa wapite. Walitii. Hakuna anayekatiza shamba lile tena, na hakuna anayeuliza kinachonuka.

Nimemtengenezea mtu maficho.

Shabani, dereva wa pikipiki (hapa tunaiita moto) aliyeniletea mbuzi wale kutoka sokoni, hajaonekana tangu wiki iliyopita. Watu wanasema amefuata dhahabu Salamabila. Mke wake, Riziki, hataki kusikia. Jana alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, akasimamisha mchi.

"Kukimbia gani? Moto yake iko hapa, imeegemea jiko yangu! Mutu wa moto anakimbia kwa miguu, mulishaona wapi?"

Wamama wakacheka, naye akacheka, kisha akalia. Akanigeukia. "Yaya, dada yangu, wewe unasoma mambo ya wafu. Niambie, bwana yangu iko muzima?"

Nilimwambia sijui. Jana ilikuwa kweli.

Na kuna jambo lingine, ambalo nimeliacha nyuma kwa sababu sitaki kuliandika. Tuta lile halikuchimbwa ovyo. Nilipima kwa dira ya simu, nikarudia, nikarudia tena. Limelala kama makaburi ya Waislamu wa hapa, ili maiti aliyelazwa kwa ubavu wa kulia aelekee Kibla. Anayeficha maiti kwa haraka hutupa na kufukia. Aliyechimba hapa alishindwa kumtupa. Labda hata alimsalia.

Kijijini kwetu pakiwa na msiba, vijana hawapigi jembe mpaka mjomba afike, asimame, anyooshe mkono kuwaonyesha upande.

Mwelekeo wa kaburi hautaji jina la mtu. Kila Mwislamu hapa anajua Kibla iko wapi. Najiambia hivyo tangu asubuhi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mjomba anakula mihogo. Nilikuwa sijasema lolote kwa yeyote.

"Umefika mpaka juu ya shamba?" aliuliza.

"Nimefika, mjomba."

"Mbuzi zako ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Alimenya kipande kingine, polepole. "Vizuri. Lakini mwanangu, mvua iko mingi sasa, na ulishaona ya kutosha. Kesho natuma vijana na majembe wasawazishe ile shamba, nipande mihogo. Wewe maliza kuandika. Mama yako anakungojea Kasongo."

Alikuwa ameniachia shamba mpaka mwisho wa mvua. Ahadi hiyo aliitoa yeye mwenyewe, mbele ya mama.

Ndiye aliyenisomesha sekondari. Baba alipofariki, wengine walisema niolewe. Yeye akasema huyu atasoma. Kama nimekosea, nitakuwa nimemchafua mtu aliyenilea. Kama sijakosea, kesho majembe yatachanganya udongo wote, na Riziki ataambiwa Salamabila mpaka azeeke.

Nimetuma picha kwa msimamizi wangu, na kwa ofisi ya mwendesha mashtaka Kasongo. Mtandao ulikuwa mzito hata nikatamani ushindwe. Haukushindwa.

Sijui kama watawahi. Barabara ni matope matupu. Kwa hiyo nimeamua: kukipambazuka nitakuwa nimeketi kando ya tuta lile, na vijana wakija nitawaambia kazi yangu haijaisha. Akija mjomba mwenyewe, nitamwambia hivyo hivyo. Sauti itatoka? Hilo sijui.

Chini naona moshi wa jikoni kwake. Amechinja kuku wa kuniaga. Nashuka, na itanibidi nile.