Ukurasa Uliopangwa kama Boma

Baba yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye kiti chako, kwenye saiba yako, kiduka chako cha kompyuta na uchapaji hapa Kombewa, karibu na printa inayokohoa kabla ya kuchapisha. Fomu ya mkopo wa chuo iko mbele yangu. Nimeitwa kusomea usanifu wa michoro, shahada ya miaka minne, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuituma. Watu wakiniuliza nimeamua nini, natazama chini. Wewe ningekuambia bila kuona haya.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusomea majina baada ya shule, nawe ukiyapiga chapa? Familia zilitoka hospitalini hapa jirani macho yamevimba, zikakuletea kwenye karatasi za daftari orodha za programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na majina ya wafiwa. Uliuliza maswali mengi kabla ya kugusa kompyuta. Mke mkubwa ni nani? Nyumba ya pili ina watoto wangapi? Siku moja nilichoka nikakuambia, "Baba, si uandike tu?" Ukacheka. "Andika wewe, halafu familia ikija ukimbie wewe."

Nilikuja kuandika kweli, miezi miwili baada ya kukuzika. Ilikuja familia ya mzee mmoja wa Kisian, aliyeacha wajane watatu. Niliona haya kuuliza. Nikawapanga wajane kwa alfabeti, mmoja chini ya mwingine, kama majina ya darasa. Mke mkubwa akaangukia chini kabisa. Asubuhi yake mwanawe alirudi na boksi zima la programu, akalibwaga mezani.

"Nani amefanya hii kitu? Mnataka tupigane kaburini?"

Mama aliomba msamaha kwa niaba yangu. 

Nilipokuwa natafuta pa kuanzia upya, nikafungua kazi zako za zamani. Baba, nilikuwa nimeyasoma majina hayo kwa sauti yangu mwenyewe, na sikuwahi kuona ulichokuwa ukikifanya. Kila palipokuwa na wake zaidi ya mmoja, hukuandika orodha. Mke wa kwanza ulimweka juu, katikati. Wa pili kulia kwake, wa tatu kushoto. Watoto wa kila nyumba wakakaa karibu na mama yao, na chini kabisa ukaacha nafasi tupu, pale linapokaa lango. Ulikuwa umechora boma, kila mke pale nyumba yake inaposimama. Nilibaki nimeduwaa mbele ya kioo cha kompyuta hadi chai ikapoa.

Nikafanya kama wewe. Kazi ilipokuwa tayari, mke mkubwa alikuja mwenyewe, akishikwa mkono na mwanawe. Ni dani, bibi kizee wa umri wa mama yako, na hajui kusoma. Alifungua karatasi, akaitazama, kisha akaweka kidole juu, katikati.

"Hapa ni kwangu," akasema. Kidole kikasogea kulia. "Na hapa ni kwa yule mkorofi."

"Mama, tuko matangani!" mwanawe akasema, huku akificha kicheko.

Hakuna aliyemsomea, Baba.  Karatasi ilikuwa imezungumza na mtu asiyejua herufi hata moja.

Tangu siku hiyo macho yangu yamebadilika. Hospitalini naona akina mama wakizunguka na watoto mgongoni wakitafuta chumba cha dawa, na vibao vyote ni maandishi matupu. Naona bahasha za vidonge ambazo mgonjwa hawezi kujua kipi ni cha asubuhi. Nataka kujua vitu hivyo hupangwaje. Wewe boma ulizaliwa ndani yake. Haya mengine sijui pa kuyajifunzia ila huko chuoni.

Lakini kuna deni. Jana mchana tulipiga hesabu na Mama nyuma ya karatasi za programu zilizoharibika. Nikibaki hapa, unga upo na sidaiwi na mtu. Nikienda, kwa mshahara anaoanza nao msichana mmoja tunayemjua anayesanifu mabango Kisumu mjini, nikitoa kodi na nauli, nitamaliza kulipa nikiwa na miaka thelathini na kitu. Ndio umri uliokuwa nao uliponizaa.

"Baba yako hakusomea hiyo kitu, na alikula," Mama akasema.

"Alikula, Mama. Lakini hakuwahi kupata kazi ya vibao vya hospitali, na aliitaka."

Hukuwahi kumwambia hilo. Uliniambia mimi.

Mama akageuza karatasi. "Na ukikosa kazi?"

"Nitarudi kwa printa."

"Na deni likufuate mpaka hapa?"

"Litanikuta nikifanya kazi."

Sijawahi kumjibu Mama maneno mengi hivyo. Tukahesabu tena. Nitaomba mkopo wa karo peke yake, nitaishi kwa shangazi Kaloleni, Kisumu, karibu na chuo, na Jumamosi nitarudi hapa kuuliza nani ni mke mkubwa. Deni likapungua, ingawa bado linatisha. Mama alitia sahihi yake ya mdhamini polepole, akaisukuma fomu upande wangu.

"Sasa ni letu," akasema. "Usiende kulala darasani."

Imebaki sahihi yangu. Kalamu ninayo, Baba. Pumzika. Ngoja nitie.

Binti yako,
yule uliyemwambia akimbie