Mama Kushuka Kaloleni au Kubaki Ronge

Ndugu yangu Mwakio,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu uniandikie kuhusu Mama. Sikukupuuza. Swali lako nilikuwa nikienda nalo darasani na kurudi nalo nyumbani, wala sikutaka kulijibu kwa pupa. Wewe na wifi yangu mnaendeleaje? Kifua chako kimepona? Joto la Voi limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Sisi huku Kanada tu wazima. Mwanangu Wakesho yuko kazini kwake hospitalini, na wajukuu wananifundisha kutembea kwenye barafu huku wakinicheka.

Kabla sijaendelea: uliandika "vitu mingi". Ni "vitu vingi", Mwakio. Hata ukiwa babu nitakusahihisha.

Uliniambia kwamba Mama ameanguka tena kwenye ngazi za mawe akienda shambani, na kwamba hawezi kuendelea kukaa peke yake Ronge. Ukaniomba mimi, kifungua mimba, nichague: ama umteremshe akae nanyi hapo Voi, mtaa wa Kaloleni, ama tumtafutie msichana wa kukaa naye huko huko mlimani. Ukamaliza kwa kusema, "Utakalosema wewe, dada, ndilo."

Sasa nikueleze kilichonichelewesha. Unajua nafundisha Kiingereza watu wazima waliohamia huku. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mama mshonaji kutoka Vietnam, alisimama akatueleza alivyonunua koti, akatumia neno "decide". Wenzake hawakuona kosa. Nikawaambia kwamba kwa koti tunasema "choose", kwa kuwa makoti yamepangwa mbele yako nawe unatwaa moja. Anayeokota tu lililo karibu na mkono, bila kuwaza sana, tunasema "pick". Mwenye kipimo chake tunasema "select", na hapo nikawapa mfano wa Mama na mbegu: huyateremsha mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi wa jiko, akapukuchua punje za ncha na za kitako kwa ajili ya kuku, akabakisha za katikati za kupanda. Lakini "decide", nikawaambia, ni kukata shauri, na mtu hukata shauri la maisha yake mwenyewe.

Yule mshonaji akainua mkono. "Mwalimu, mama mkwe wangu tulimchagulia chumba. Tukamchagulia na kitanda. Yeye hakusema kitu. Je, yeye alifanya nini?"

Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Jumapili, baada ya ibada, nilimpigia Mama.

"Nimesikia mnanigawa," akaniambia, hata kabla ya salamu.

"Hatukugawi, Mama. Tunataka kujua unapenda lipi."

"Kaloleni ni joto na honi za malori. Mke wa Mwakio ananipenda, lakini atanificha jembe. Na huyo msichana, nani atamwangalia mwenzake? Yeye atakuwa kwenye simu, mimi niko chini kwenye tope."

"Basi unataka nini?"

"Wewe si mwalimu? Hebu tazama. Shauri la kwanza, Mwakio yumo. Shauri la pili, msichana wa watu yumo. Wewe umo katika lipi?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Usiogope, mwanangu. Sijakuita. Nimeuliza tu."

Sikulaumu, Mwakio. Najua uliniacha nje kwa heshima, maana tangu utotoni ulifundishwa kwamba dada mkubwa hatumwi. Ulinipa mambo mawili, nami nikayapima hayo mawili tu, nikadhani hiyo ndiyo kazi yangu yote. Mama ndiye aliyeona kwamba yalipaswa kuwa matatu, na la tatu ni mimi kurudi nyumbani.

Nilimweleza Wakesho. Alikuwa akikata mboga, na hakuinua uso. "Mama, usiniulize mimi," akasema. "Nikikuambia ukae, utakaa kwa ajili yangu, halafu Nyanya aanguke tena." Unajua zamu zake zilivyo. Mimi nikiondoka, sijui nani atakuwa na watoto wanapotoka shule. Na nikibaki, sijui nitampigia Mama simu nikiwa na uso gani.

Kwa hiyo sitakuchagulia lolote kati ya yale mawili. Usimteremshe Mama, wala usimpelekee mgeni, mpaka umeketi naye jikoni ukamwuliza mwenyewe, nawe ukae kimya hadi amalize kusema. Kwa sasa mtafutie fundi aweke kishikio kwenye zile ngazi, na umwombe jirani yake apite asubuhi na jioni.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie sijasahau samli yake. Msalimie shangazi yetu anayeuza mboga Mwatate. Yule mwana wa mjomba wetu mwenye bodaboda mwambie apunguze mwendo, kwa maana Mama hupanda nyuma yake akienda kanisani.

Shauri langu mimi, la kurudi au kubaki huku, bado halijakatika. Siku nitakapolikata nitakuandikia wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na katika barua hiyo hutanikuta nikikuomba unichagulie.

Dada yako akupendaye,
Mkamburi