Ziwani Maji Hayapwi

Mwanza

Kwako mke wangu, Mama Siwatu,

Assalaam alaykum, na amani hiyo iwafikie wote mnaokula sinia moja hapo Maparoni. Vipi mguu wa mama? Bado anaukanda kwa mafuta ya ufuta, au ameshakubali dawa za zahanati? Siwatu je, jino limeota au bado anacheka na pengo? Na ndege wa mpunga mwaka huu wana adabu, au ni walewale? Mimi huku mzima. Nakula, nalala, nimeongezeka hata shingo, ukiniona utasema nimeoa tena. Sijaoa. Uweke wasiwasi wako chini tuendelee.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi za simu. Mke wangu, simu ya hapo nyumbani ni ya kijiji kizima. Nikipiga anapokea mama, mama anampa shangazi, shangazi anampa jirani aniulizie bei ya sato, mpaka ikufikie wewe mtandao umeshapotelea kwenye mikoko. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza, kisha uwasomee wengine yale utakayoona yanafaa. Nampa dereva wa lori anayeshuka Ikwiriri kufuata ufuta, amkabidhi kaka yako dukani. Kama bahasha imefunguliwa, ujue ni yeye.

Habari yenyewe ni ya mtihani wa usukani. Unajua kwamba tangu nije huku mimi ni baharia wa kawaida tu kwenye kivuko: nafunga kamba, naosha sitaha, napanga magari, nawazuia mbuzi wasile ndizi za abiria. Ilipotoka nafasi ya mshika usukani, wakubwa wakaniita. Mshika usukani hupewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, na mwenye chumba anaruhusiwa kuleta mke na watoto. Anayelala kitanda cha juu bwenini, kama mimi, haruhusiwi kuleta hata kuku. Nikifaulu tunaishi pamoja. Nikianguka mara mbili nafasi anapewa mwingine, na sisi tunaendelea kuwa mke na mume wa kwenye simu. Nilipokwambia hivyo uliuliza tu kama Mwanza kuna baridi. Nikajua umeshaanza kufungasha.

Wewe uliishia hapo, lakini wenzako hawakuishia hapo. Kaka yako aliitangazia stendi nzima ya Ikwiriri kwamba shemeji yake ni nahodha. Mama akasomesha dua, akapika ubwabwa, akawalisha watu ambao wengine hata sura yangu hawaijui. Mjomba akanipigia akaniita Kapteni, kisha akaniuliza kama kapteni anaweza kumtafutia mwanawe kazi. Wote wananipenda, na mimi nilifurahi kweli, lakini kila simu ilipokatika niliona mzigo umeongezeka. Usingizi ukanikimbia. Nikawa nasoma kitabu cha taa na alama za majini mpaka macho yanawasha, na kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo mambo yalivyozidi kunitoka. Nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote. Kuna asubuhi nilikwenda kazini na kiatu changu mguu mmoja na cha mwenzangu Maduhu mguu wa pili. Maduhu analala kitanda cha chini yangu, na mguu wake ni mkubwa kama kafi, lakini mimi sikuona tofauti mpaka nilipojikwaa.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, asiyecheka wala kununa. Afadhali angefoka. Akaniuliza taa ya upande wa kushoto wa chombo huwa ipi. Mama Siwatu, taa ya kushoto ni nyekundu, hilo hata ukiniamsha usingizini nalijua. Nikajibu, "Chemli." Nilimsikia mtu akitaja taa ya mafuta ya nyumbani, nikageuka kumtazama ni nani, kumbe ni mimi.

Hilo alinisamehe. Tukaenda kwenye vitendo. Akaniambia nilete chombo gatini nikifunge. Nikakileta vizuri, nikashuka na kamba, nikaifunga kwa kulegeza, nikaacha urefu wa kutosha kama tunavyofunga kwetu. Akauliza, "Mbona umeiachia kamba yote hiyo?" Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Maji yakipwa, chombo kisije kikaning'inia." Akatazama maji, akanitazama mimi. Nikaona haelewi, nikamfafanulia tena, kwamba leo ni bamvua na maji yatashuka sana, chombo kitahitaji kamba ya kushuka nayo. Maduhu alikuwa amekaa kwenye ukuta wa gati, akaanguka nyuma kwa kicheko.

Ziwa, mke wangu! Ziwani maji hayajai wala hayapwi. Nimekaa huku miaka, kamba ya kivuko naifunga kila siku inavyotakiwa, kisha siku hiyo moja kichwa changu kikaniacha Mwanza, kikarudi chenyewe Maparoni, mtoni kwetu ambako maji hujaa na kupwa na bahari, kufunga mtumbwi. Na upepo nao ukanisaidia kuaibika, ukakisukuma chombo kwa ule urefu wa kamba niliouacha, kikaenda kubamiza pua ya boti ya wavuvi. Nikaandikiwa nimeanguka.

Maduhu akasema nimetupiwa kitu, na kwao yuko bibi mmoja anayekiondoa. Mimi nikaenda zahanati, nikijua nina malaria ya kichwa. Nesi akanipima, hakuna kitu. Akaniuliza kilichonipata, nikamweleza, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akaniuliza, "Kwenu mtoni kuna nini cha kutisha?"

"Viboko," nikasema. "Na mamba."

"Ukikutana na kiboko njiani, unaweza kunipigia hesabu ya saba mara nane?"

"Nitazipata wapi akili hizo? Mimi natafuta pa kukimbilia."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwili wako ulimwona yule mama mtahini ukadhani ni kiboko. Ukiwa na hofu, mwili hauna haja na mambo ya kitabuni, unataka miguu. Akili inarudi kwenye kile ilichokizoea tangu utotoni, maana ndicho kilicho karibu. Wewe si mjinga wala hujarogwa. Umechoka, hulali, na una hofu. Sasa niambie, siku ile kwenye usukani ulikuwa na nani?"

Nikamwambia nilikuwa peke yangu na mtahini. Akakataa. Akasema niwataje wote niliokuwa nawafikiria. Nikamtaja mama na ubwabwa wake, kaka yako na stendi yake, mjomba na mwanawe, Siwatu, na wewe. Akasema, "Kivuko kilizidi abiria, kaka yangu. Kawashushe."

Akaniambia nilale, niache kusoma usiku, nijizoeze huku mtu akinikodolea macho ili niyazoee, na nikwambie wewe ukweli. Ndiyo siku ile niliyokupigia, simu kwa bahati ukiwa nayo wewe shambani, juu ya dungu la kulindia mpunga, unaamia ndege. Mimi nimejiandaa kwa maneno mazito, nawe unaongea na mimi na ndege kwa pamoja. Nikasema nimeanguka mtihani, ukapiga ukelele, "Swaaa! Tokeni!" Nikadhani unanifukuza mimi.

Kisha ukaniambia maneno ambayo pengine wewe umeshayasahau. Ulisema, "Baba Siwatu, ukianguka tena watakukata kichwa? Mie sikuolewa na usukani. Ukishindwa rudi, mpunga upo na ndege ndio hawa, kazi ya kuamia hutoikosa. Nakutaka wewe, uwe na chumba usiwe nacho." Halafu ukarudi kwa ndege wako, ukaniacha nimeshika simu.

Nililia, sitakuficha. Nililia pale gatini mbele ya wauza dagaa. Jioni hiyo nilipanda kitandani mapema nikalala mpaka Maduhu akaja kuniangalia kama napumua. Hukunipa akili mpya, mke wangu. Ulinishusha mzigo, na akili yangu ilikuwa palepale chini ya mzigo.

Kuanzia hapo nikawa najizoeza kila mchana. Maduhu anakaa mbele yangu, ananikazia macho kama askari wa barabarani, anauliza taa na alama, nikikosea anabweka. Nikakumbuka na jambo moja la kwetu. Unakumbuka tunapopitisha mpunga kwenye vijito, maji yakiwa machache? Aliye mbele anachomeka upondo mpaka chini anasema kwa sauti anachokigusa: tope, mchanga, tope, kina. Hata kama anayeendesha anaijua njia, husemwa tu. Zamani niliona ni kelele za watu wa kwetu. Sasa naona ukikitamka unachokifanya, hofu haipati nafasi ya kusema yake.

Siku ya mtihani wa pili nikamwomba mtahini ruhusa ya kusema kwa sauti. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Basi nikaenda naye ziwani ninasema kama muuza samaki: upepo unatoka kushoto, napunguza mwendo, taa ya kushoto nyekundu, ya kulia kijani, mtumbwi ule una mtu mmoja, nampisha. Moyo ulikuwa unadunda bado, usidhani ulikuwa kimya, lakini ulidunda pembeni. Tukarudi gatini. Nikashika kamba, na wallahi mikono ikaanza yenyewe kuilegeza! Nikaiambia kwa sauti, "Hapa maji hayapwi," nikaivuta kamba ikakaza. Yule mama ambaye hacheki akainama, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Nimefaulu, Mama Siwatu. Nimefaulu! Nimeshashika usukani na abiria wa kweli, na mbuzi wa kweli. Alhamdulillah.

Salamu zangu kwa mama, mwambie dua ilifika, ila ilipitia njia ndefu. Msalimie shangazi anayetulelea kuku, na mjomba, mwambie kapteni bado hana uwezo wa kuajiri. Kaka yako wa dukani mwambie sasa anaweza kutangaza, lakini aseme mshika usukani, nahodha bado. Na dada yangu aliyeolewa Mtunda umpelekee habari hizi kwa mdomo wako, yeye ndiye aliyenifundisha kushika kafi na atapenda kujisifu. Siwatu mbusu penye pengo.

Nilitaka kufunga hapa, lakini la jana lazima nikwambie. Nilikwenda ofisini kuandikiwa chumba. Binti wa pale, mchangamfu, akaniuliza jina langu, nikalisema. Akauliza idadi ya watoto, nikasema mmoja. Akauliza, "Jina la mke?"

Nikasema, "Mama Siwatu."

"Hilo la mtoto. Nataka la mke mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Hamna kitu! Furaha ilikuwa imenijaa, na jina la mke wangu halipo. Nimekuita Mama Siwatu tangu mtoto azaliwe, na kabla ya hapo nilikuwa nakuita "we". Nyuma yangu foleni ya watu. Nesi aliniambia hofu inafukuza akili, hakuniambia kwamba na furaha nayo inafukuza. Yule binti akaweka kalamu chini akasema, "Kaka, mke unaye kweli, au unataka chumba tu?"

Nikamwambia mke ninaye, tena wa kuniliza mbele ya wauza dagaa, ila jina lake atakuja kulitaja mwenyewe. Akacheka, akaiacha ile nafasi wazi, akanipa ufunguo.

Nimelala humo usiku wa kwanza. Chumba kina dirisha moja, na ukutani kuna misumari mitatu ya kutundikia nguo. Nguo zangu nimezitundika kwenye mmoja. Jina lako limenijia leo alfajiri nikiwa natawadha, nikalisema kwa sauti mpaka Maduhu, aliyekuja kuazima ndoo, akaitikia amina.

Njoo, Mwanahawa.

Mimi mumeo wa siku zote,
Baba Siwatu