Faini ya Kaka Basu

Jumatatu, 3 Julai

Mimi, Tuda, mjane wa watu, mlinzi wa agdal! Baraza limenichagua jana. Agdal, yaani malisho yale ya juu, mali ya kijiji kizima, hufungwa tangu masika mpaka nyasi zikomae, kisha mifugo yote hupanda siku moja. Walinzi siku zote wanaume. Sasa wanaume wako Marrakesh wanabeba zege!

Kaka Basu, ndiye mkuu wa baraza, aliguna: mwanamke atafukuza kondoo wa nani? Nikamjibu: wa yeyote, hata wako. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Najivuna, ndiyo. Nani ataniona humu daftarini?

Alhamisi, 6 Julai

Kampuni inataka kuzungushia uzio malisho yetu. Eti ni ardhi isiyo na mwenyewe, kila mtu analisha apendavyo. Afisa wa ardhi anakuja Jumapili kutazama kama kweli tunaisimamia. Isiyo na mwenyewe! Damu imenichemka.

Tutafungua Jumatano ijayo. Kaka amepita nyumba kwa nyumba akionya: asionekane hata kondoo mmoja huko juu.

Ijumaa, 7 Julai

Nimewakuta kondoo juu. Rangi nyekundu mgongoni — wa kaka Basu!! Nimewashusha mwenyewe, nimewafungia zizini kwangu.

Alikuja anahema. Nyasi za nyumbani zimekwisha, majike wananyonyesha, alidhani hakuna atakayepanda huko maana yeye mwenyewe ameshawatisha watu wote. Akili gani hii!

"Mdogo wangu, ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Faini unaijua, kaka. Chinja, ulishe kijiji. Mwaka jana ulimtoza Ito, jirani yako."

"Na afisa je? Asikie mkuu wa baraza ndiye mwizi wa nyasi? Utatupotezea ardhi kwa kiherehere chako!"

Hilo limenichoma. Huenda ni kweli. Lakini nikimwachia kaka yangu, kesho nitamzuia nani? Nimemwambia kondoo hawatoki mpaka kijiji kilishwe. Ameondoka bila kuaga.

Nimelia kidogo. Kisha nimewakamua kondoo wake.

Jumamosi, 8 Julai

Mke wa kaka kanipita kisimani kama hanijui.

Jumapili, 9 Julai

Naandika jikoni kwa kaka, vidole vina mafuta. Kaka amechinja! Alikuja alfajiri, hakunisalimia, akauliza tu sufuria kubwa iko wapi. Kijiji kizima kiko uani kwake, kuskusi mlima. Ito anakula kwa mbwembwe: "Jamani, nyama ya mkuu ina utamu wake!"

Afisa amefika mapema, na mtu wa kampuni. Mgeni hafukuzwi — wamekaa, wanakula nasi.

Sasa mtu wa kampuni amefuta mdomo. Anasema kwa sauti: unaona, bwana afisa, hawa ni watu wa karamu tu, malisho anayasimamia nani? Afisa naye anauliza: "Kwani karamu hii ni ya nini?"

Hata Ito ameacha kutafuna. Wote wanamtazama kaka. Nachungulia mlangoni. Akidanganya, nitatoka niseme.

Kaka anaweka mkate chini. Anainuka. Anaweka kilemba sawa. Uso mwekundu.

"Mlinzi wetu yuko wapi?" anaita. Hakusema mdogo wangu. "Tuda! Toka huko jikoni, uwaambie wageni wanakula faini ya nani."