Usukani wa Pawa

Jumanne, 5 Machi 1996
Bega limekataa kabisa. Leo nikipeleka majani ya chai, kwa kona ya senta nilishuka nikasukuma gurudumu na mguu, watu wakiangalia. Katrakta ka kukata nyasi, marehemu mzee wangu alikanunua kwa mnada wa meneja wa shamba la chai. Kadogo kama ndama — lakini usukani mgumu kama wa lori! Jioni shemeji Johana, ndugu ya marehemu, akatoka Roret kunipa pole. Pole yenyewe: nimpe trakta, bega lipumzike. Nilimpa chai.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata fundi Litein, Onyiego. Ana usukani wa pawa, ule unaosukumwa na oili, ametoa kwa mashine kuukuu ya kuinua mizigo. Nikamuuliza, kwa kitu kidogo hivi itakubali?
"Mwalimu, oili haijui ukubwa."
Nikaona ana akili.

Jumamosi, 9 Machi
Imefungwa. Kidole kimoja kinageuza! Nimekata kushoto — ikaenda kulia. Nikakata kulia, ikaenda kushoto, ikaingia kwa sukuma wiki. Onyiego akavua kofia. Ati amechanganya mipira miwili ya oili, kazi ya dakika kumi. Lakini spana aliazima, mwenye spana ameichukua, ameenda nayo matanga Nyamira. Atakuja akiipata.

Jumatatu, 11 Machi
Majani hayangoji spana. Nimeendesha hivyo hivyo. Ukitaka kulia, kata kushoto. Nilijiambia kwa sauti njia nzima. Jirani yangu Drusilla, amekaa juu ya magunia kwa katrela ninakovuta nyuma, akauliza naombea nani.

Alhamisi, 14 Machi
Nimezoea. Senta na kurudi, sijagusa ua wa mtu. Shida sasa ni miguu. Nikifika mlango wa jikoni lazima nifikirie kwanza.

Jumamosi, 16 Machi
Johana amekuja na suti. Ati wazee wa ukoo wamekubali, trakta ikae kwa mwanaume. Sikubishana. Nilimwambia ina usukani mpya, aende pole. Lingine sikusema.
Hakuenda pole. Nje ya geti, kushoto, kuna kidimbwi cha ng'ombe. Akakata kulia akiepe. Ikaenda kushoto. Akazidisha kulia. Maji yalimfika magotini, bado anakata kulia.
Akatoka polepole, akaniambia, "Ndugu yangu amekataa."
Akaenda kwa miguu mpaka stegi ya matatu. Nilicheka mpaka nikalia. Marehemu hakuwahi kunikatalia kitu.

Jumatatu, 18 Machi
Johana amerudi na wazee wawili. Wamekuja kuombea trakta. Mmoja anasema kama marehemu ameongea, basi ikae na mimi, hakuna atakayeigusa tena. Nikashukuru.
Nikimimina chai, Onyiego akabisha hodi. Amepata spana. Wamemkaribisha, ameketi katikati yao. Mtu mzuri, lakini hajui kunyamaza.
Nimewaambia natafuta funguo ya trakta chumbani. Funguo iko mkononi. Nasikia mzee anamuuliza fundi amekuja kurekebisha nini —