Mbwa Wangu Amepona

Jumapili jioni, Novemba 1984. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na uwanja ulio mbele ya nyumba zetu hapa Makadara umekuwa tope tupu. Nimefunga dirisha. Mvua haiingii upande huu, ila sitaki kuuona mlango wa jirani.

Leo sina habari nzuri ya kuandika. Nina uchungu, na sijui nimwelekezee nani.

Baba Kioko tulimzika Alhamisi kwao Mwala. Alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, dereva wa pikapu ya mboga, mtu wa maneno machache. Akikohoa kwake, mimi nilisikia kwangu. Mkewe, Mama Kioko, ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa peke yangu na sanduku moja na kazi yangu ya kupiga chapa mjini. Tumeazimana chumvi na makaa, na mwaka huu wa njaa tumegawana hata unga wa njano tukiifumbia macho harufu yake. Nilikuwa nikisema sina dada Nairobi ila huyu.

Na nilikuwa na mbwa. Chui, wa madoadoa, sikio moja limekatika. Wezi walipoking'oa kioo cha dirisha langu mwaka juzi, yeye ndiye aliyewatimua, na asubuhi nikakuta kipande cha suruali ya mtu kwenye ua. Mwanamke anayelala peke yake huku Eastlands hasahau kitu kama hicho.

Katikati ya mwaka Chui alianza kutoka damu kule sehemu zake za siri. Nilipomchunguza nikaona uvimbe mwekundu, umechanuka kama koliflawa. Watu wa ploti wakacheka wakasema mbwa wangu ana kisonono. Wengine walinishauri niwapigie simu kanjo, askari wa jiji, waje wampige risasi, nipumzike.

Baba Kioko hakucheka. Alisema kuna chuo ng'ambo ya mji ambako madaktari wa mifugo wanafundishwa, na mnyama akipelekwa anatibiwa bure ili wanafunzi wajifunze. Akampakia Chui nyuma ya pikapu, katikati ya magunia ya kabichi, akatupeleka. Siku hiyo alikuwa amejifunga skafu shingoni. Nilidhani ni baridi.

Daktari Wafula, mwalimu wa pale, alimgeuza Chui mara moja tu akaniambia ni kansa.

Nilimwambia sijawahi kusikia mbwa ana kansa. Akasema mbwa wanapata, paka wanapata, na hii ya Chui mbwa huambukizana wakipandana. Ila ni katika zile zinazosikia dawa. Dawa yenyewe inaitwa vinkristini. Inadungwa kwenye mshipa wa mguu, mara moja kwa wiki, kwa mkono mtulivu, maana tone likivuja nje ya mshipa nyama ya hapo inakufa. Akanipa glavu za kuoshea mkojo na matapishi ya mbwa, akanikataza nisiruhusu watoto wachezee alipolala. Nikaogopa. Dawa gani hii ambayo hata mkojo wake ni hatari?

Wiki za kwanza Chui alikuwa mbwa wa kuhurumiwa. Alitapika, akakataa ugali hata ukiulowesha kwa supu ya mifupa, akalala pale mlangoni bila kumbwekea mtu. Kisha ule uvimbe ukaanza kunywea, kama nyanya iliyoanikwa juani. Kila nikirudi kutoka kwa daktari ulikuwa mdogo zaidi. Nilifurahi. Nilimwimbia mbwa, mimi mtu mzima.

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa yakienda kinyume.

Skafu ya Baba Kioko haikutoka shingoni hata jua liliporudi. Alipokuja kuifungua, tezi zilikuwa zimejaa pande zote mbili, ngumu kama mawe. Alikonda mpaka mshipi ukamzunguka mara ya pili. Kila asubuhi Mama Kioko alikuwa akikamua shuka zilizolowa jasho la mumewe, akizianika kabla sijaondoka kwenda kazini. Hospitali wakamkata kipande shingoni, wakakaa nacho, mwishowe wakasema ni kansa ya tezi na wakamlaza.

Jioni moja Mama Kioko alikuja kwangu hata bila kubisha.

"Wanasema dawa imeisha wodini," akaniambia. "Eti tuitafute wenyewe mjini. Nimezunguka maduka yote ya dawa tangu asubuhi, Ndinda. Hakuna."

"Inaitwaje?"

Akalitaja jina polepole, akilikatakata, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Vin. Kris. Tini.

Chui alikuwa amelala kati yetu.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia hiyo ndiyo anayodungwa mbwa huyu. Mama Kioko alimtazama Chui kwa muda mrefu sana. Alijifunga leso upya kiunoni, akasema, "Kesho unanipeleka."

Tukaenda. Tulipofika, Daktari Wafula alikuwa mezani na paka mweupe aliyevimba koo, wa mama mmoja wa mitaa ya wenye nafasi, na mwanafunzi alikuwa ameushika mguu wa paka ameunyoosha. Nikaitambua ile chupa ndogo. Mama Kioko akaitambua pia, sijui vipi, maana hakuwa amewahi kuiona.

"Hata paka?" akauliza.

Hakumuuliza mtu yeyote hasa. Mwenye paka akainamisha macho.

Tulipobaki watatu, nilimweleza daktari shida yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema, na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu ningependa awe mtu mbaya.

"Mama, dawa ni hiyo hiyo," akamwambia. "Siwezi kukudanganya."

"Basi nipe, daktari. Nimechoka kuulizia."

"Nikikupa mkononi, nani atamdunga? Akikosea mshipa, mzee atapoteza mkono. Akizidisha kidogo, atamuua. Na ugonjwa wa mzee hautibiwi na hii peke yake, wanaichanganya na nyingine. Lakini daktari wake akiniomba, hata kwa simu, namletea mimi mwenyewe wodini. Mwambie hivyo. Leo hii."

Tulitoka pale karibu tukikimbia. Mama Kioko alikuwa akicheka njiani. Naukumbuka ule mcheko.

Daktari wa wodi alitusikiliza akiwa amesimama, kalamu ikigonga kwenye meza. Tulipomaliza akatuuliza kama tunajua tunalolisema. Hospitali ya watu iombe dawa kwa madaktari wa mbwa? Mgonjwa akifa, atajibu nini kwa wakubwa? Dawa imeagizwa, ipo njiani, tuwe na subira. Nilimwomba apige simu tu, namba nilikuwa nayo. Alisema kama ningekuwa mke wa mgonjwa angenifafanulia zaidi, akamgeukia Mama Kioko kumfafanulia, kisha hakumfafanulia chochote. Muuguzi mmoja aliyekuwa karibu alitusindikiza hadi mlangoni akinong'ona, "Poleni, mama. Poleni sana." Yeye angepiga. Lakini simu haikuwa yake.

Siku iliyofuata nikiwa kazini nilimpigia Daktari Wafula. Akasema atampigia yeye mwenyewe yule daktari wa wodi. Alipiga. Waligombana, nikaambiwa baadaye.

Baba Kioko alifariki akingojea dawa iliyo njiani. Katika wiki hiyo hiyo Daktari Wafula alimpapasa Chui, akaosha mikono, akasema nisimrudishe tena. Amepona kabisa.

Nilirudi na mbwa mzima kwenye nyumba zenye matanga.

Wanawake walikuwa wamejaa kwa Mama Kioko, masufuria ya chai yakipita juu ya vichwa. Nilipoingia na mkate wangu, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Nairobi ni maajabu. Mbwa anadungwa, mtu anazikwa." Hakuna aliyemkemea. Nilitazama alipokaa Mama Kioko, nikitumaini ataniangalia. Alikuwa akiangalia mikeka.

Nilikwenda Mwala pamoja nao. Nikachota maji, nikaosha vyombo, nikalia. Lakini hatukuzungumza, yeye na mimi, kwenda wala kurudi. Tuliporudi Ijumaa, Chui alimkimbilia kama alivyozoea, mkia ukimpiga miguuni, na yeye akasimama tu kwenye tope akingoja niondoe mbwa wangu.

Nikaamua. Jana asubuhi nilimfunga kamba nikateremka naye kwa miguu hadi Kiamaiko, kwa Mzee Guyo, ambaye huuza mbuzi na ana zizi linalohitaji mlinzi. Nilimjua kwa sababu humletea bosi wetu wa kazini mbuzi wa Krismasi. Alimtazama Chui meno, akauliza kwa nini namtoa mbwa mzuri hivi.

"Nyumba ni ndogo," nikamjibu.

Chui alijaribu kunifuata. Mzee Guyo akaishika kamba. Niliondoka haraka, nikapita kwenye damu na kwato za machinjioni bila kuinua gauni, na sikugeuka nyuma. Nilikuwa nikijiambia hii ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kumpa jirani yangu. Mumewe hatarudi, lakini angalau asitoke kila asubuhi akakutana na kile kilichopona.

Leo baada ya kanisa nilipika chapati, nikazifunika, nikabisha kwake. Alikuwa peke yake. Alikuwa akikunja mashati ya marehemu ili awape ndugu zake.

"Nimemtoa Chui," nikamwambia. "Nimempeleka Kiamaiko. Hutamwona tena."

Aliacha shati mapajani.

"Nani alikuambia umtoe?"

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri namwonea mbwa wivu?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Baba Kioko alimbeba yule mbwa mikononi akampandisha kwenye gari, na tezi zake shingoni. Kila jioni pale wodini aliniuliza, mbwa wa Ndinda anaendeleaje? Nikimwambia anapona, alikuwa anacheka. Alisema basi dawa inafanya kazi, ikija tu na mimi nitatoka. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamchekesha mle ndani."

Akalichukua tena lile shati, akalikunja.

"Mimi sikuweza kukutazama usoni, Ndinda, kwa sababu nikikutazama nilikuwa nalia. Sikuwa na kinyongo nawe. Sasa umeniondolea hata huyo."

Nilimwambia nitakwenda kesho nimrudishe. Akatikisa kichwa. Alisema tayari amepewa notisi ya kuhama, nyumba ilikuwa kwa jina la mumewe, na mwisho wa mwezi anahamia Mwala. Nisimsumbue mnyama kwa siku chache. Kisha akachukua sahani ya chapati, akashukuru vizuri kabisa, kama mtu anavyomshukuru mgeni, akanifungulia mlango.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo. Natafuta wa kulaumu. Daktari wa wodi, naam, huyo nitamlaumu mpaka nizeeke. Lakini hata Daktari Wafula alisema dawa moja haikutosha, kwa hiyo huenda Baba Kioko angekufa tu, na huenda asingekufa, na hakuna mtu duniani atakayenijulisha lipi ni lipi. Walichomnyima si uzima peke yake. Walimnyima kujaribiwa. Mbwa alijaribiwa. Paka mweupe alijaribiwa.

Na mimi, kwa hofu ya midomo ya watu waliokuja kunywa chai wakaenda zao, nimeitupa furaha ya mwisho ya marehemu kwenye zizi la mbuzi bila hata kumuuliza mkewe.

Asubuhi tutakutana bombani, kila mtu na ndoo yake, kama siku zote. Nitamwamkia. Lakini nitamwamkia nini?