Ameshatengewa

Jumatatu, 3 Machi

Mtunza damu wa hospitali kapiga simu asubuhi ofisini kwetu, kitengo cha kompyuta: friji imejaa chupa za damu, lakini kompyuta inasema hakuna hata moja! Zote katengewa mzee mmoja wa upasuaji, aliyeombewa mbili tu. Nikachungulia. Ni kanuni niliyoiandika mimi kwenye mfumo: ombi likiingia, tenga damu. Imetenga, ikarudia, ikarudia tena, mpaka friji nzima. Bahati leo hakukuwa na ajali barabarani. Bosi kaniuliza kama nataka kuua watu. Nimekalia kuti kavu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata. Kanuni ikishatenga damu, inaandika kwenye ombi "limeshughulikiwa". Ombi likiguswa tu, mfumo unadhani ni jipya — unaiamsha kanuni tena. Yaani inajiamsha yenyewe! Kama mtu anayebisha hodi halafu anajikaribisha.

Dawa ni alama. Damu ikitengwa, mgonjwa anawekewa alama "ameshatengewa"; kanuni ikiiona, inanyamaza. Nimejaribu kwa wagonjwa wa kubuni, kila mmoja na ombi lake moja. Safi. Bosi katangaza kuwa kuanzia sasa hakuna chupa itakayotolewa kwa mkono, bila idhini ya mfumo. Mtunza damu kaitikia, yeye ni mtu wa amri. Nilipaswa kufurahi. Bado naogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Kanuni inaamka mara moja, inalala. Mimi ndiye silali, kila saa nachungulia. Wenzangu wananicheka, eti nambembeleza mtoto asiyelia. Wacheke. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wifi kalazwa leo, mke wa kaka yangu. Anajifungua kesho kwa upasuaji. Ana upungufu wa damu, kwa hiyo dokta kamwombea mapema. Nimeona jina lake likipita kwenye mfumo, likapata alama. Nikaona fahari. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtoto katoka salama, wa kike! Kaka kanitumia meseji, nikaruka kitini.

Kisha simu yake. Wifi anatoka damu, haikomi. Zile chupa zimekwisha, dokta kaomba nyingine, na kompyuta imejibu: ameshatengewa.

Nikaelewa palepale. Alama nimeiweka kwa mgonjwa. Si kwenye ombi! Mtu mmoja, damu mara moja, basi. Mungu wangu.

Nikampigia mtunza damu, nikamsihi atoe kwa mkono. Kasema bila idhini hatoi, labda bosi amwambie mwenyewe. Bosi hapokei. Alama nimeshaihamishia kwenye ombi, mfumo unawaka upya, taratibu mno. Naandika kwa sababu siwezi kukaa tu nikiitazama skrini.

Kaka kapiga tena. Analia. Sijawahi kumsikia akilia.

"Mdogo wangu, wewe si unafanya kazi na hao watu wa kompyuta? Mtafute aliyeweka hiki kitu. Mwambie amwachie mke wangu damu."

Nikamwambia namtafuta.